Cheti cha mzee Diogenes: Wayahudi na Wakristo walivyoishi na kodi, viapo na hati za Roma

#1 – Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Nimefanya kazi ya masijala miaka mingi. Kutwa nzima mbele yangu ni fomu, mihuri na watu waliopanga foleni na nyaraka zao mkononi. Nadhani ndiyo maana kipande kimoja cha karatasi ya mafunjo kutoka Misri kimenikaa kichwani kuliko hadithi zote za simba tulizofundishwa shule ya Jumapili. Kinasema hivi, kwa tafsiri yangu:

"Kwa wajumbe waliochaguliwa kusimamia sadaka katika kijiji cha Kisiwa cha Alexander. Kutoka kwa Aurelius Diogenes mwana wa Satabous, wa kijiji hicho, umri miaka 72, ana kovu kwenye nyusi ya kulia. Siku zote nimekuwa nikiitolea miungu sadaka, na sasa mbele yenu, kwa mujibu wa amri, nimetoa sadaka, nimemimina kinywaji na nimeonja nyama ya sadaka. Naomba mnithibitishie hapa chini. Kila la heri."

Tarehe yake kwa hesabu zetu ni 26 Juni 250. Hilo kovu la kwenye nyusi ndilo lililokuwa picha ya pasipoti ya siku zile. Mtu asingeweza kumpa jirani cheti chake, maana jirani hana kovu hilo.

Kaisari Decius alishika madaraka mwaka 249. Roma ilikuwa imetoka kusherehekea miaka 1,000 ya mji wao, na hapohapo Wagothi wanabisha hodi mpakani kwenye mto Danube. Yeye aliona dawa ni dola nzima kurudi kwa miungu. Akaamuru kila mtu atoe sadaka, na kila aliyetoa ashuhudiwe. Mpaka leo vimepatikana vyeti zaidi ya 40 vya namna hii, vyote Misri, vingi kutoka kijiji kimoja cha Theadelphia, na tarehe zake ni Juni na Julai mwaka huohuo.

Sasa angalieni jina: Aurelius. Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa karibu watu wote huru wa dola uraia wa Roma, na wengi wakachukua jina la ukoo wake, Aurelius. Kabla ya hapo mkulima wa Misri alikuwa mtawaliwa tu. Baada ya hapo akawa raia, na raia anadaiwa. Bila ule uraia wa 212 sioni Decius angempataje mzee Diogenes.

Na hati zenyewe hazitaji Wakristo popote. Kuna cheti cha mama mmoja, Aurelia Ammonous, ambaye alikuwa kuhani wa Petesouchos, mungu mamba wa pale Arsinoe. Kuhani kabisa wa miungu naye kapanga foleni apate karatasi ya kuthibitisha kwamba anaiabudu miungu!

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi mtego ulivyokuwa. Mkristo wa kijijini hakufuatwa na askari mwenye upanga usiku wa manane. Aliitwa kwa zamu yake pamoja na majirani, akawakuta wajumbe anaowafahamu kwa majina, na wanachomtaka ni tonge moja la nyama na tone la divai. Nyuma yake foleni inangoja. Angesema nini?

Karibuni tujadili.

#2 – Mchangiaji

Uzi umeshiba mkuu. Nina swali. Wayahudi nao hawali nyama ya sanamu wala hawasujudii miungu mingine. Mbona hatusikii kwamba Decius aliwabana? Walikuwa na kinga gani?

#3 – Mleta mada

Mkuu umegusa penyewe. Kinga walikuwa nayo, lakini waliilipia.

Roma iliheshimu vitu vya kale, na dini ya Wayahudi ilijulikana kuwa ya kale. Wakati wa Augusto, kama siku ya kugawa nafaka ya bure mjini Roma iliangukia Sabato, aliagiza fungu la Wayahudi liwekwe wakachukue kesho yake. Nao hawakumtolea Kaisari sadaka kama mungu. Badala yake, kule Yerusalemu kila siku ilitolewa sadaka kwa Mungu wa Israeli kwa ajili ya Kaisari: wanakondoo wawili na fahali mmoja. Kila upande ukawa na namna ya kusema umeridhika. Makuhani walipoikatisha sadaka hiyo mwaka 66, Warumi walielewa kuwa hiyo ni vita.

Mwaka 70 jemadari wa Roma, Titus, akauteketeza mji na Hekalu. Na hapa tunarudi kwenye kodi.

Mnakumbuka Mathayo 17, wale watoza kodi wanaomuuliza Petro kama mwalimu wake halipi ile nusu shekeli? Hiyo ilikuwa kodi ya Hekalu. Wanaume waliitoa kila mwaka kwa hiari na kwa fahari, hata walio mbali ng'ambo ya bahari. Hekalu lilipoanguka, Kaisari Vespasian hakuifuta. Aliagiza fedha hiyohiyo iendelee kukusanywa, ila iende kwa hekalu la Jupiter kule Roma. Hebu fikirini: nyumba ya Mungu wako imechomwa, na mchango uliokuwa ukiutoa kwa ajili yake sasa unamjengea mungu wa aliyeichoma. Tena ukaongezwa. Zamani mlipaji alikuwa mwanamume mtu mzima, sasa na wanawake, na kule Misri watoto tangu wakiwa na miaka 3.

Risiti zake tunazo. Katika mji wa Edfu, kusini mwa Misri, vimechimbwa vigae vya vyungu vilivyovunjika, maana karatasi ilikuwa ghali na kigae hakina gharama. Juu yake karani ameandika kwa wino jina la mlipaji, kiasi na mwaka. Familia ileile unaiona mwaka hadi mwaka, baba, kisha wanawe. Halafu vigae vya Wayahudi vinakoma mwaka 116. Wakati huo yalizuka maasi makubwa ya Wayahudi wa Misri, Cyrene (Libya ya leo) na Kupro, kuanzia 115 hadi 117, na yalizimwa kikatili mno. Baadaye, katika orodha ya kodi ya kijiji cha Karanis karne hiyohiyo ya 2, Myahudi anayelipa kodi hii ni mmoja tu. Nimekaa na daftari za kodi, najua jina moja lililobaki peke yake kwenye ukurasa linavyoonekana.

Chini ya Kaisari Domitian ukusanyaji ulikuwa mkali. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anasema alipokuwa kijana alishuhudia kwa macho yake mzee wa miaka 90 akikaguliwa mbele ya ofisa na baraza lililojaa watu, ili ionekane kama ametahiriwa. Miaka 90! Kaisari Nerva alipoingia mwaka 96 alipiga sarafu yenye mti wa mtende na maneno ya kutangaza kwamba ule uchongezi wa kodi ya Wayahudi umeondolewa. Uchongezi ndio ulioondolewa. Kodi iliendelea.

Kwa hiyo kuhusu sadaka, kinga yao ilidumu. Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inakumbuka kwamba hata Kaisari Diocletian, zaidi ya miaka 30 baada ya Decius, alipoamuru mataifa yote yamimine vinywaji kwa miungu, aliwatoa Wayahudi. Mkristo wa Misri au wa Syria hakuwa na pa kujificha namna hiyo. Alikuwa ameiacha miungu ya babu zake, na wala hakuwa kwenye orodha ya Wayahudi.

#4 – Mchangiaji

Mtumishi, naheshimu utafiti wako lakini nina wasiwasi. Ukisoma uzi huu unaweza kudhani mateso yalikuwa shughuli ya ofisini tu. Watu walichomwa moto. Watu waliraruliwa na wanyama. Damu ya mashahidi usiifanye kuwa suala la makaratasi.

#5 – Mleta mada

Ndugu yangu, Mungu aniepushe na kuipunguza. Fabian, askofu wa Roma, alikufa tarehe 20 Januari 250, mwanzoni kabisa mwa amri ya Decius. Origen, mwalimu mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, aliteswa kwa minyororo na mbao za kunyoosha miguu, akatoka hai lakini hakuishi muda mrefu. Sina neno dhidi ya damu yao.

Ninachosema ni kwamba karatasi na damu vilikuwa meza moja. Soma barua ya Pliny, liwali wa Bithynia, kaskazini mwa Uturuki ya leo. Alimwandikia Kaisari Trajan karibu mwaka 112. Ni barua ya ofisa mwangalifu anayeomba mwongozo: je, niangalie umri? Anayetubu asamehewe? Kosa ni jina lenyewe la Ukristo au ni uhalifu unaoambatana nalo? Anaeleza utaratibu wake. Anamuuliza mtu mara tatu kama ni Mkristo, huku akimtisha. Akishikilia, anaamuru auawe. Imeletwa orodha ya majina isiyo na saini, naye ameifanyia kazi.

Kisha, katikati ya barua, kwa sentensi moja, anasema aliona ni lazima kutafuta ukweli kwa kuwatesa watumwa wawili wa kike "walioitwa wahudumu", yaani mashemasi. Hakupata chochote ila, kwa maneno yake, ushirikina mbovu uliopita kiasi. Majina yao hakuyaandika. Hatima yao hakuieleza. Mimi kila nikifika kwenye sentensi hiyo nasimama. Wanawake wawili, watumwa, ambao kanisa lao liliwapa huduma ambayo ulimwengu wao usingewapa kamwe, na tunawajua tu kwa sababu aliyewatesa alikuwa anaandika ripoti.

Kutokana na mateso hayohayo na maungamo ya wengine ndipo tunajua Wakristo wa pale walikuwa wanafanya nini. Wanakutana siku maalumu kabla hakujapambazuka, wanamwimbia Kristo kwa kupokezana kama Mungu, wanaapa kutoiba, kutozini, kutovunja ahadi, na baadaye wanakula pamoja chakula cha kawaida.

Trajan alijibu kwa ufupi. Wasitafutwe. Wakiletwa na kuthibitika, waadhibiwe. Akikana na kuiabudu miungu, asamehewe. Orodha zisizo na saini zisipokelewe. Kwa zaidi ya miaka 100 huo ndio ukawa mwongozo, na maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba usalama wako umo mikononi mwa jirani. Ukigombana naye mpaka wa shamba, au ukimnyima posa ya binti yako, anaweza kwenda kwa liwali na kuweka saini.

#6 – Mchangiaji

Nimeguswa sana na hao dada wawili. Mimi ni mwanamke, naomba kuuliza. Ukiacha mashahidi, tuna habari za mwanamke wa kawaida tu chini ya Roma? Mwenye watoto, shamba na matatizo yake?

#7 – Mleta mada

Yupo dada yangu, na nafurahi umeuliza. Anaitwa Babatha binti Simon, Myahudi wa kijiji cha Maoza, kusini mwa Bahari ya Chumvi. Mwaka 1961 wanaakiolojia wa Yigael Yadin walikuta ndani ya pango mfuko wa ngozi wenye hati zake, zaidi ya 30, zimefungwa vizuri kama mama zetu wanavyofunga hati za kiwanja kwenye kitambaa. Nyingine ni za Kiaramu, nyingine za Kinabatia, nyingi ni za Kigiriki. Mwenyewe hakujua kuandika.

Mwaka 106 Roma ilikuwa imeutwaa ufalme wa Wanabatia na kuufanya jimbo la Uarabuni. Mwaka 127 ikaja sensa, na Babatha akasafiri mpaka mji wa Rabbath kuandikisha mashamba yake manne ya mitende. Ukubwa wa kila shamba umeandikwa kwa kipimo cha shayiri inayoweza kupandwa humo, kama wazee wetu walivyopima kwa pishi. Kodi nyingine ni tende zenyewe, na shamba moja linatozwa nusu ya mavuno. Shamba hilo limepakana na mali ya "bwana wetu Kaisari". Mwishoni anaapa kwa bahati ya Kaisari kwamba amesema kweli. Binti wa Israeli, anaapa kwa bahati ya Kaisari, ili asipoteze mitende yake. Sijui nani angethubutu kumhukumu.

Mumewe wa kwanza alifariki akamwachia mtoto wa kiume, Yeshua. Baraza la Petra liliteua walezi wawili wa kushika mali ya yatima, mmoja Myahudi na mwingine Mnabatia. Wakawa wanampa mama dinari 2 kwa mwezi za kumlea. Babatha akasema hazitoshi. Akawafuata kisheria kwenye mahakama ya liwali Mrumi. Akapendekeza: nipeni mimi hizo fedha, nitaweka mali yangu dhamana, na faida nitakayotoa ni mara tatu ya hiyo mnayompa mtoto. Kwenye mfuko wake kuna nakala tatu za maneno ya kisheria ya Kirumi ya kumshtaki mlezi wa yatima, yaliyotafsiriwa kwa Kigiriki. Alikuwa anajizatiti.

Aliolewa tena, na Yehuda, aliyekuwa tayari na mke, Miriam. Yehuda naye akafariki, na wake wenza hao wakashitakiana juu ya mali iliyobaki nyumbani.

Hati yake ya mwisho yenye tarehe ni ya Agosti 132. Ni stakabadhi: amepokea dinari 6 za malezi ya Yeshua kwa miezi mitatu. Piga hesabu. Ni zilezile dinari 2 kwa mwezi alizozikataa miaka saba nyuma.

Mwaka huohuo vita ya Bar Kokhba, maasi ya Wayahudi dhidi ya Roma, ilianza. Babatha alikimbilia pangoni na wengine, akaficha mfuko wake kwenye ufa wa mwamba. Mtu hafichi hati za shamba kama hana nia ya kurudi kwenye shamba. Pangoni humo walikuta pia funguo za nyumba na mifupa ya watu. Hakurudi kuuchukua mfuko.

#8 – Mchangiaji

Mkuu turudi kwa mzee wa kovu na wenzake. Wakristo waliokubali kuonja ile nyama, au waliotafuta cheti kwa njia za panya, kanisa liliwafanyaje baadaye? Maana naona kama hilo ndilo jambo lililowatesa zaidi kuliko amri yenyewe.

#9 – Mleta mada

Umeona mbali. Lakini kwanza niweke sawa: hakuna kinachoonyesha mzee Diogenes alikuwa Mkristo. Huenda alikuwa mkulima tu aliyeabudu miungu ya baba zake.

Ushahidi mzuri unatoka Carthage, Tunisia ya leo, kwa askofu Cyprian. Anasimulia kwa uchungu kwamba watu wake walikimbilia wenyewe kwenye uwanja wa mji. Jua likazama foleni haijaisha, maofisa wakawaambia njooni kesho, nao wakaomba wapokelewe usiku uleule. Wazazi walibeba watoto wachanga.

Wengine hawakutoa sadaka. Walimwendea ofisa au walimtuma mtu, wakasema mimi ni Mkristo, madhabahuni sifiki, pokea fedha hii unipe cheti. Mlungula, tuseme wazi. Na Cyprian anawatetea hao kidogo: walidhani hawajatenda kosa. Anamtaja pia mtu aliyekwenda kutoa sadaka yeye peke yake ili mkewe, wanawe na nyumba yake yote wasiguswe. Mimi nina familia. Mtu huyo simwelewi vibaya.

Cyprian mwenyewe alikuwa amejificha wakati wote huo, na wapo waliomsema kwa hilo. Decius aliuawa vitani na Wagothi mwaka 251, amri ikafa naye, na milango ya makanisa ikajaa watu wanaolia. Kule Roma kasisi Novatian alisema aliyeanguka asirudishwe kamwe, na kanisa likapasuka. Baraza la Carthage la 251 liliamua kesi ya kila mwenye cheti isikilizwe peke yake kisha arudishwe, na waliotoa sadaka wakae katika toba ndefu, wapewe amani, yaani wapatanishwe na kanisa, wakikaribia kufa. Muda si mrefu, ilipoonekana mateso mengine yanakuja, wakawapokea hata hao, wasikutwe na vita bila mkate wa Bwana. Cyprian alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258.

Halafu yakaja yale ya Diocletian, mwaka 303, na safari hii yaliwalenga Wakristo waziwazi: vitabu vichomwe, majengo yabomolewe. Na yakafika mpaka mahakamani. Kuna barua ya mtu wa Oxyrhynchus, Misri, jina lake Copres, aliyekwenda mjini kwa kesi ya ardhi. Anamwandikia mkewe Sarapias kwamba wamekuta kila anayefika mahakamani analazimishwa kutoa sadaka, hivyo amempa "ndugu" yake uwakili. Halafu anaendelea na habari za kesi kama kawaida.

Februari 304, katika kijiji cha Chysis hukohuko Misri, msomaji wa kanisa anayeitwa Ammonius anaapa kwamba kanisa lao la zamani halina dhahabu, fedha, nguo, mifugo, watumwa wala ardhi. Vilivyopatikana ni vitu vya shaba tu, na vimeshapelekwa Alexandria. Mwisho wa hati, mtu mwingine anaweka saini kwa niaba yake "kwa kuwa hajui kuandika". Msomaji wa kanisa hajui kuandika! Wasomi wengine wanasema alijua Kikopti tu, si Kigiriki. Wengine wanadhani mkono wake haukutaka kugusa ile hati. Mimi naegemea kwa hao wa pili.

Na orodha ninayoipenda kuliko zote ni ya Cirta, Algeria ya leo, tarehe 19 Mei 303. Maofisa waliingia kwenye nyumba ya ibada, askofu Paulus ameketi, mashemasi wamesimama, na karani anaandika kila kinachotolewa nje. Vikombe viwili vya dhahabu. Sita vya fedha. Taa za fedha saba. Hapo unajua walikuwa wanatafuta mali. Halafu karani yuleyule, kwa mwandiko uleule, anaendelea: kanzu za kike 82, shela 38, kanzu za kiume 16, viatu vya wanaume jozi 13, viatu vya wanawake jozi 47.

Vilikuwa vya kugawia maskini. Wanawake 47 wa Cirta waliokuwa wanangoja viatu.